Mmarekani Ana Hela, Mjerumani Ana Likizo: Nani Tajiri?

Kama huwa unakaa vimbwetani jioni baada ya vipindi, mjadala huu si mgeni kwako. Mmoja anasema Marekani ndiko kwenye maisha, na mwaka wa tatu huu anacheza Green Card. Mwingine anadai mfanyakazi anaheshimiwa Ulaya. Halafu anatokea jamaa wa kumaliza kesi: "Ulaya wamebaki nyuma kwa sababu ya vyama vya wafanyakazi. Migomo kila siku, wataendelea vipi?" Watu wanacheka, mjadala unaisha. Lakini ni kweli?

Tuanze na namba. Mwaka 2023 pato la Marekani kwa kila mtu lilizidi dola 80,000. Ujerumani ilikuwa na kama dola 54,000, Ufaransa kama 45,000. Tofauti ni kubwa, na tangu msukosuko wa fedha wa 2008 imezidi kukua. Hapo jamaa yetu hajadanganya.

Ila pato hilo linatafutwa kwa saa ngapi? Mfanyakazi wa Marekani anapiga kazi takriban saa 1,800 kwa mwaka; wa Ujerumani takriban 1,340. Kwa wiki ya saa 40, tofauti hiyo ni zaidi ya wiki 11. Sehemu yake inatokana na Wajerumani wengi kufanya kazi za nusu siku, na sehemu nyingine ni likizo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kila mfanyakazi apate angalau wiki nne za likizo yenye malipo. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimpi hata siku moja. Anategemea huruma ya mwajiri. Hapa kwetu Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28! Ukihesabu pato kwa saa, pengo kati ya Mmarekani na Mjerumani linapungua sana.

Pili, wastani unaficha mambo. Chukua darasa la watu kumi: mmoja kapata 100, tisa wamepata 38. Wastani ni 44. Kwa karatasi darasa limefaulu, kumbe watu tisa wana sup. Pato la nchi kwa kila mtu ni wastani wa namna hiyo hiyo, na mgawanyo wa kipato Marekani hauko sawa kuliko ulivyo katika nchi nyingi za Ulaya Magharibi.

Sasa vyama. Marekani nako vilikuwa na nguvu. Sheria ya 1935 iliwapa wafanyakazi haki ya kujiunga na kujadiliana na mwajiri, na miaka ya 1950 karibu theluthi moja yao walikuwa wanachama. Marekani ilikuwa tajiri wakati huo pia. Mwaka 1981 Rais Reagan aliwafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na waajiri binafsi wakapata somo. Kufikia 2023 wanachama walikuwa asilimia 10 tu, na katika sekta binafsi asilimia 6.

Tofauti nyingine iko kwenye muundo. Marekani chama kinapigania kituo kimoja kimoja cha kazi, hivyo kampuni iliyokubali kupandisha mishahara inaogopa kupigwa bei na jirani asiye na chama. Nchi nyingi za Ulaya mkataba hufunika sekta nzima. Ndiyo maana Uswidi haina kima cha chini cha mshahara kisheria: vyama na waajiri wanapanga wenyewe. Mafundi wa Tesla walipogoma huko Oktoba 2023 wakidai mkataba wa pamoja, makuli wa bandarini walikataa kushusha magari ya kampuni hiyo, na watu wa posta wakagoma kupeleka namba za magari. Marekani, mgomo wa kuungana mkono namna hiyo ulipigwa marufuku kwa sheria ya 1947. Na kima cha chini cha shirikisho kimekwama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009.

Je, Ulaya ni peponi? Hapana. Hispania mwaka 2023 zaidi ya robo ya vijana waliokuwa kwenye soko la ajira hawakuwa na kazi. Wakosoaji wanasema kinga nzito kwa walio ndani ya ajira humfungia mlango anayebisha hodi, na hilo linatuhusu sisi tunaosubiri kumaliza chuo. Ulaya pia imeachwa kwenye teknolojia na mitaji, na nishati yake ni ghali. Lakini hayo hayaletwi na vyama. Denmark, ambako wengi wa wafanyakazi ni wanachama, ni miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani.

Kwa hiyo jibu la vimbwetani ni hili: ukubwa wa keki ya taifa una sababu nyingi, na chama si ile kuu. Chama kinaonekana zaidi kwenye kisu, yaani nani anakata, nani anapata kipande gani, na nani anapumzika baada ya kuioka.

Siku utakayoletewa mkataba wa kwanza wa ajira, usikimbilie mstari wa mshahara peke yake. Soma saa, soma likizo, kisha uliza kama kuna chama. Na ukiambiwa "hapa hatuna mambo hayo", jiulize ni nani aliyeamua.