Wewe ni mgonjwa mpya au wa kurudi?

Wagonjwa wengi hapa Kisii na Nyamira hulalamika: "Daktari, nimetibiwa hapa tangu zamani, mbona karani ameniandika mgonjwa mpya?"

Karani hajakosea. Katika hospitali za serikali, anayekuja mara ya kwanza kwa ugonjwa fulani huandikwa mpya. Anayerudi kwa ugonjwa ule ule huandikwa wa kurudi. Ukitibiwa malaria Januari, kisha uje na kidonda Juni, wewe ni mpya tena. Kliniki za kibinafsi hujiwekea kanuni zao. Huko Marekani, hesabu ni ya muda: ukikaa miaka 3 bila kumwona daktari huyo, au mwenzake wa taaluma hiyo hiyo katika kliniki yake, unakuwa mpya na ada hupanda.

Hatari kubwa ni kufunguliwa faili nyingine kwa kuwa umesahau kadi nyumbani. Daktari hataona kwamba una presha, au kwamba penisilini inakudhuru.

Basi msomaji, tunza kadi yako na uandike nambari yake kando. Ukitumwa kutoka Nyamira hadi hospitali ya rufaa ya Kisii, beba barua ya daktari. Na kabla ya kulipa, uliza: "Hii ni ada ya mara ya kwanza au ya kurudi?"