Mswada Uliorudishwa

Wasikilizaji wetu, sisi walimu tumewaona vijana wengi ambao, miswada yao iliporudishwa na wapiga chapa, waliichana wakaapa kutoandika tena. Hilo ni kosa, maana kilichokataliwa ni mswada, si mwandishi.

Mwalimu mwenzetu wa mji wa Salisbury, Uingereza, jina lake William Golding, alitunga hadithi ya wavulana walioachwa peke yao kisiwani. Wapiga chapa kadhaa waliikataa. Hata katika kampuni ya Faber msomaji wa kwanza aliidharau. Ila Charles Monteith aliisoma tena, akaona kuwa mwanzo wake, uliosimulia vita, uliificha hadithi yenyewe. Golding akakubali kuuondoa. Kitabu kikatoka mwaka wa 1954 kwa jina jipya, Lord of the Flies, na mwaka wa 1983 mtungaji akapewa Tuzo ya Nobel.

Basi mtu mswada wake ukirudi, na auweke kando juma moja, kisha amsomee mwenzake kwa sauti. Ulimi unapokwama, ndipo pa kusahihisha. Mkulima hung'oa miche aliyoipanda mwenyewe, ili iliyosalia ipate kuzaa.