Gonga Mara Mbili

Jumamosi ni siku ya kuroli, na kwa mbogi yetu hiyo siku haiguswi. Katikati ya wiki tunafunzwa mbinu pole pole, lakini Jumamosi kocha anaseti saa dakika tano tano na kila msee anatafuta wa kushikana naye. Jiu-jitsu ya Brazil haina ngumi, haina teke. Unamshika mtu, unamwangusha, unamdhibiti chini, halafu unawinda shingo ama kiungo: kiwiko, bega, goti. Yeye naye anawinda chako, na hakuna anayejizuia. Ikikaza kabisa unagonga mara mbili, kwa mwili wake ama kwa mkeka, na anaachilia hapo hapo. Mnagusana viganja, mnaanza upya. Manze, huo ugongaji ndio naupenda kuliko kila kitu kwa huu mchezo, na leo nitaubonga mpaka nichoke.

Yule ninayeroli naye sana ni morio wa Masisi, mashariki mwa Kongo, mzaliwa wa Kirolirwe, kwa ile barabara inayopanda kutoka Sake kuenda Kitshanga. Mbogi yote humwita Grand, vile watu wa Goma huita kaka mkubwa, na mimi ananiita petit hata nikiwa nimemkalia kifuani. Kwao ni milima ya kijani, malisho, ng'ombe, na zile jibini za mviringo zinazoshushwa mpaka sokoni Goma. Ametuambia vile vijana wa kuchunga walikuwa wanabwagana kwa nyasi mchana mzima: mgongo wako ukigusa chini umeisha, toka, mwingine aingie. Sasa akafika mkekani Nairobi, anacheki mresh wa kilo hamsini na kitu amelala chali, miguu ameifunga kiunoni mwa jamaa mara mbili yake, na jamaa ndiye anahema. Grand alikaa kando akacheki hiyo raundi yote bila kubonga.

Hiyo inaitwa gadi, na bila hiyo hakuna jiu-jitsu. Ukiwa chini, miguu yako ndiyo inapigana. Unamvuta kichwa kishuke, unainyima mikono yake mahali pa kuegemea, unahamisha kiuno upande kidogo, na ghafla shingo yake na mkono wake mmoja viko kati ya mapaja yako. Ni pembetatu hiyo: damu ya kwenda kichwani inakatika kabla hata pumzi haijamwishia. Kilo zake hazimsaidii hapo. Kwa mashindano, kumpindua aliye juu yako ni pointi 2, kuvuka miguu yake 3, kumkalia kifuani ama kumdaka mgongo 4. Jumamosi hakuna anayehesabu.

Jiu-jitsu yenyewe imetoka mbali. Mitsuyo Maeda, mwanajudo wa shule ya Kodokan ya Tokyo, alifika Brazil mwaka wa 1914, na kule Belém akamfunza kijana anaitwa Carlos Gracie. Carlos akawafunza ndugu zake, na baadaye ukumbi wao ukafunguliwa Rio de Janeiro. Mdogo wao Hélio alikuwa mwembamba, kwa hivyo akaifanya kazi ya chini iwe silaha yake. Oktoba 1951 huyo Hélio akakutana na Masahiko Kimura wa Japani pale uwanja wa Maracanã, Rio. Kimura akamnasa mkono, akaukunja kuelekea mgongoni. Hélio akakataa kugonga. Mkono ukavunjika, na Carlos ndiye alirusha taulo. Baadaye akina Gracie wenyewe wakalichukua lile kufuli la mkono, wakalipa jina la aliyewapiga, na ukiingia ukumbi wowote leo utasikia kocha akisema kimura. Hiyo heshima naipenda sana. Lakini kuhusu kukataa kugonga, mimi na mzee Hélio hatuko pamoja, na kocha wa maana hawezi kukufunza hivyo.

Kuroli na Grand ni kazi. Hana haraka. Anashika kola ya gi, lile vazi letu la mazoezi, kwa mkono mmoja, mkono wa gi kwa mwingine, anakuwekea uzito wote kifuani kama gunia la viazi, halafu anangoja. Ukimsukuma, mkono wako unanyooka, na mkono ulionyooka ndio anautaka. Ukigeuka umkimbie, umempa mgongo, na hapo inakuja ngeta, ile ile inayofanya watu waogope kutembea tao peke yao usiku, isipokuwa huyu ukigonga anaachilia. Wasee wapya wakibanwa hivyo wanashikilia pumzi, na dakika mbili hazijaisha nguvu zimeisha. Kwanza pumua. Kisha tengeneza nafasi: kiwiko ndani, kiuno nje, kidogo kidogo, mpaka goti lipate mahali pa kupita. Kuna Jumamosi raundi nzima huenda hivyo, hakuna aliyemshinda mwenzake, na bado ni raundi tamu kuliko zote.

Grand hapendi kubonga vita, na sisi hatumsukumi. Mambo yenyewe yanajulikana. Waasi wa M23 waliingia Kitshanga Januari 2023, Sake na Goma Januari 2025, na watu wa kando ya hiyo barabara wamehama, wakarudi, wakahama tena. Ninachocheki ni vile anavyoshika. Shingo ya mtu ikiwa mikononi mwake, anakaza pole pole kuliko mtu yeyote kwa mbogi, ndio upate muda wa kugonga.

Hapo ndio huwa namkumbuka mwanajudo Popole Misenga. Alizaliwa Bukavu mwaka wa 1992. Vita vilimchukulia mama akiwa bado mtoi, akakimbilia msituni, akaokotwa siku kadhaa baadaye, akapelekwa Kinshasa, na huko, kwa kituo cha watoto waliotawanywa na vita, ndiko alijulia judo. Yolande Mabika, naye wa Bukavu, alipitia karibu njia hiyo hiyo. Judo ndiyo iliyozaa jiu-jitsu ya Brazil, na kugonga ni kule kule. Lakini Popole amesimulia kwamba enzi za kuichezea Kongo, ukipoteza pambano ulifungiwa ndani na chakula kikapunguzwa. Mwaka wa 2013 wawili hao wakaenda Rio kwa mashindano ya dunia, na hawakurudi. Waliomba hifadhi huko huko. Mwishowe wakapokewa na Instituto Reação, shirika la Flávio Canto, mshindi wa shaba ya judo kwa Olimpiki ya Athens 2004, ambaye kwa jiu-jitsu pia ana mshipi mweusi. Kocha wao, Geraldo Bernardes, alieleza kwamba mwanzoni walikuwa wakali mno mazoezini, mpaka wenzao wanaumia.

Cheki hiyo stori vizuri. Mtu aliyefunzwa kwamba akishindwa anafungiwa, utamwambia aje aroli pole pole? Kila raundi ya mazoezi kwake ni chakula cha jioni. Hawezi kugonga mapema, hawezi kujaribu kitu kipya akose, hawezi kumwachia mwenzake hata inchi. Na jiu-jitsu hujifunzi ukiwa hivyo, kwa sababu kazi yote ya Jumamosi ni kujaribu kitu, kikuangushe, ugonge, uulize.

10 Agosti 2016 wote wawili walisimama kwa tatami, ule mkeka wa judo, ya Olimpiki pale pale Rio, ndani ya Timu ya Wakimbizi ya kwanza kabisa, wanamichezo 10, watano wao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, yetu hapa Kenya. Yolande alitolewa pambano la kwanza. Popole akampiga Avtar Singh wa India, halafu akapewa Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia, akapoteza. Wabrazil ukumbini walimshangilia kwa jina. Hakuna aliyemfungia mahali, na mwaka wa 2021 alikuwa tena kwa Olimpiki, Tokyo.

Juzi kwetu aliingia msee mpya, kifua cha kubeba vyuma, nguvu za kutosha. Grand akamnasa mkono, kiwiko kikanyooka, msee akakunja uso na hakugonga. Sote tuliona. Grand akaachilia mwenyewe. Akamkalisha, akamshikisha kiwiko chake, akamwonyesha kilipokuwa kimefika na kidogo kilichobaki, akamwambia kwa Kiswahili cha kwao kwamba hapa njo unagonga, bila haya. Raundi iliyofuata ule mkono ulinaswa tena, na msee akagonga kwa nguvu mpaka mkeka ukalia, akainuka akiuliza alinaswa aje. Swali lilikuwa poa. Tukarudia hatua kwa hatua: mkono umeshikwa wapi, goti limebana wapi, alichelewa wapi. Kisha akaomba amfanyie Grand, na Grand akalala chali, akampa mkono. Tulikaa hapo tukimrekebisha mpaka mwenye ukumbi akaja kufunga.