Kwa nini mchele wa 'Kyela' wa leo si kama wa wiki iliyopita?

Katika masoko mengi ya Dar es Salaam, neno "Kyela" kwenye kibao cha mchele hupandisha bei. Mzazi hulipa zaidi akitarajia wali unaonukia, lakini siku nyingine sufuria hutoa bokoboko lisilo na harufu. Si lazima kosa liwe la mpishi.

Cha kwanza ni mbegu. Harufu ya mchele hurithiwa, na mbegu huamua pia aina ya wanga. Punje yenye amilosi nyingi hutoa wali unaochambuka. Yenye amilosi kidogo hunata. Ndiyo maana Supa, aina ya kienyeji inayopendwa kwa harufu na ladha, haifanani na SARO 5, aina iliyoboreshwa inayozaa sana lakini yenye harufu ya wastani.

Hata hivyo, mbegu moja ikipandwa mabonde mawili inaweza kutoa mchele tofauti. Joto kali wakati punje zinajaa, hasa la usiku, huharakisha ujazaji na wanga haushikamani vizuri ndani. Punje hubaki na weupe kama chaki, huvunjika mashineni, na harufu hupungua.

Kisha kuna uvunaji. Mpunga uliokauka shambani kupita kiasi, ukanyeshewa tena, hupata nyufa na kuwa chenga ukikobolewa. Mkulima anayeuanika kwenye turubai, akiugeuza mara kwa mara hadi unyevu ufike takriban asilimia 14, hupata punje nzima na bei nzuri zaidi.

Sokoni, jina pekee halitoshi. Shika mchele kiganjani: punje za urefu tofauti huashiria mchanganyiko. Angalia weupe wa chaki na wingi wa chenga, kisha nusa. Muulize muuzaji ni aina gani na ni wa mavuno yapi. Mchele mpya hunukia zaidi lakini hutaka maji machache. Wa zamani hunywa maji mengi na kuchambuka. Kama bei ni kubwa, anza na nusu kilo, upike, ndipo ununue wa mwezi mzima.

Na chenga zisidharauliwe. Kwa uji wa watoto na vitumbua, zinafaa kabisa, tena kwa bei nafuu.