Fuwele zinazong'arisha picha ya kifua

Mkazi wa Gwata mkoani Pwani, iwe ile ya Kibaha au ya Kisarawe, akiandikiwa picha ya kifua pale Hospitali ya Tumbi, haoni mengi. Anavua shati, anagusisha kifua kwenye bodi, kidevu juu, mabega mbele. "Vuta pumzi baba, ibane, usitikisike." Mashine inalia kidogo, anaambiwa apumue, basi. Kama mashine ni ya kidijitali, kazi kubwa imefanyika ndani ya ile bodi, katika tabaka la fuwele lenye unene usiofika milimita moja.

Eksirei hupenya mwili kwa urahisi, na kwa urahisi huohuo ingekipita kifaa cha kuinasa. Lazima kiwepo kitu kizito cha kuizuia na kuigeuza iwe mwanga wa kawaida, ambao vihisio vya silikoni vinaweza kuusoma. Fuwele inayotumika sana leo ni siziamu iodidi iliyotiwa thaliamu kidogo. Chembe moja ya eksirei ikinaswa humo huzaa chembe za mwanga elfu tatu hivi. Watengenezaji huivukiza chumvi hiyo ndani ya chemba isiyo na hewa hadi fuwele ziote wima juu ya bamba, zimesongamana kama mabua ya mtama, kila moja nyembamba kuliko unywele. Mwanga hushuka ndani ya bua lake bila kusambaa sana. Ndiyo maana doa dogo la kifua kikuu kwenye pafu huonekana na kingo zake.

Tarehe 8 Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aliigundua eksirei alipoona skrini iliyopakwa kemikali ya bariamu iking'aa gizani. Mwaka uliofuata Thomas Edison alijaribu maelfu ya kemikali akachagua kalsiamu tungsteti, ikatumika hadi miaka ya 1970 zilipoingia skrini za gadoliniamu. Hizo zilipunguza dozi ya mgonjwa kwa nusu hivi. Kilichobadilika ni unga unaong'aa tu, na mamilioni ya watu wakapata mionzi kidogo zaidi. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kuufuatilia utafiti wa fuwele hizi kwa karibu.

Mwaka 2018 watafiti wa Singapore na China walichapisha matokeo ya fuwele ndogo mno za perovskaiti, zenye siziamu, bromini na madini ya risasi. Ziliweza kuhisi mionzi hafifu mara 400 hivi kuliko ile ya kawaida ya hospitali. Hiyo haina maana kwamba picha kamili itapigwa kwa dozi hiyo. Kuhisi ni jambo moja, picha inayosomeka ni jingine.

Tena zina kasoro mbili zinazotugusa sisi wa Pwani. Ya kwanza ni unyevu. Perovskaiti huharibika haraka kwenye hewa yenye maji, na hata siziamu iodidi hunyonya unyevu. Ufungaji wake ukipasuka mabua huharibika na picha hufifia. Bodi inayobebwa kwenye gari la kupima kifua kikuu vijijini, katikati ya masika, haiishi maisha ya bodi ya maabara. Fuwele mpya ijaribiwe katika joto na unyevu wa huku kabla haijaitwa bora.

Kasoro ya pili ni risasi, ambayo ni sumu. Bodi ikifa huishia stoo ya hospitali, na baadaye dampo. Ndiyo maana navutiwa zaidi na fuwele za siziamu, shaba na iodini, zinazotoa mwanga wa buluu bila risasi yoyote.

Utaalamu wa chumvi hizi si mgeni nchini Tanzania. Katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, watafiti wamekokotoa kwa kompyuta maumbo ya molekuli katika mvuke wa siziamu floridi, ndugu wa chumvi ya kwenye bodi. Kutoka hapo hadi kuotesha fuwele ni safari ndefu, lakini wanafunzi wa kuianza wapo.

Kwa sasa, Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayokagua mashine hizi na kupima mionzi inayowapata wahudumu. Nawe ukienda Tumbi, beba picha na majibu ya zamani ili usipigwe tena bila sababu, na mama mwenye ujauzito, au anayehisi anao, aseme kabla hajasimama kwenye bodi.