Tisho ya Marehemu, Doo ya Nani?

Msee wa mtaa akidedi, kabla hata matanga ianze vizuri, tisho zishaanza kuprintiwa. Sura yake mbele, mgongoni "Lala Salama". Soo nane, mchango wa familia. Tunanunuanga bila swali, juu nani ataanza kuuliza mambo ya doo wakati mathe analia? Lakini huyo mathe ndiye alifaa kuulizwa wa kwanza, kabla ya wino kugusa kitambaa.

Cheki venye iliendea Vanessa Bryant. Bwanake Kobe, staa wa basketi, na mtoi wao Gianna (Gigi), wa miaka 13, walidedi 26 Januari 2020, helikopta ilipoanguka Calabasas, California. Watu wengine 7 walienda nao. Vanessa akachora njumu ya Nike ya kumkumbuka Gianna: nyeusi na nyeupe, rangi za timu yake, namba 2 yake, na huko nyuma pahali sahihi ya Kobe hukaanga akaweka majina ya Kobe na Gigi. Jina, Mambacita. Doo yote ilikuwa iende Mamba and Mambacita Sports Foundation, wakfu ya familia ya kusaidia watoi wa michezo. Alafu mkataba na Nike ukaisha Aprili 2021, hakusaini mwingine, akaamua njumu isiuzwe. Juni ikafika, akaona picha ya mtu ako nayo mkononi. Aliandika waziwazi kwamba hakuruhusu hata itengenezwe, na kwamba familia yenyewe haikuwa nayo.

Manze, hiyo iliniuma. Mathe alikuwa ashachora, alafu akakataa, na hiyo ni haki yake kabisa. Kampuni ina maduka dunia nzima, lakini mtoi ni wake. Machi 2022 wakaelewana upya, na Mambacita ikatoka 1 Mei 2022, siku Gianna angefikisha miaka 16. Tofauti kubwa ni kwamba sasa mathe alikuwa amesema sawa.

Na hapo kwa doo tuongee polepole. Makubaliano hayo yalisema wakfu itapata faida inayobaki baada ya gharama. Ni halali, lakini mnunuzi lazima ajue. Sasa rudi kwa ile tisho ya soo nane. Toa kitambaa, toa wino, toa fare ya kuchukua mzigo Gikosh, toa ya mwenye aliuza. Familia inabaki na ngapi? Kama ni soo tatu, andika soo tatu kwa ile posta ya WhatsApp. Watu bado watanunua, na hakuna mtu atapiga hesabu nyuma ya mgongo wa wafiwa.

Kitu ingine ni hizo logo. Ukibandika alama ya Nike ama ya timu kando ya sura ya marehemu ndio tisho iende haraka, unafanya watu wadhani kampuni imechangia, na haijatoa hata ndururu. Na kampuni ikileta tisho za bure, jina lake likae ndogo. Hiyo siku si ya kutafuta wateja.

Kwa hivyo mbogi, kabla ya kuprinti, pelekea familia picha kwanza. Tafuteni mtu mmoja wa kushika doo mwenye familia yenyewe imemchagua, na semeni mauzo yanafungwa lini. Na mathe akikataa, mzigo usitoke, hata kama mshalipia.