Mlo wa samaki Kigoma

Mlo wa samaki Kigoma ni mlo wa samaki waliovuliwa usiku katika Ziwa Tanganyika na kupikwa siku ileile katika mji wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao, magharibi mwa Tanzania. Samaki wake wakuu ni mgebuka, kuhe, sangala na dagaa. Kwa kawaida huliwa na ugali wa muhogo, na mchuzi wake hupikwa kwa mawese. Mlo ulio bora haupatikani kwa kuingia mgahawani na kusoma orodha ya vyakula. Huagizwa kabla, na anayeuagiza huhitaji kujua mwezi una siku ngapi, samaki ametoka mwalo gani na mtumbwi umefika saa ngapi.

Kwa namna hiyo unakaribiana na mlo wa kifahari wa Kijapani, ambao nao mteja mara nyingi hachagui samaki bali humwachia mpishi. Wajapani huuita omakase, yaani "nakuachia wewe". Tofauti iko kwenye bei, na iko kwenye moto: Kigoma samaki hupikwa.

Samaki wa kuchagua

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi na kina kinachofikia mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Hata hivyo samaki huishi katika tabaka la juu tu, kwa kuwa maji ya chini hayana oksijeni. Dagaa (Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon) hula viumbe wadogo wanaoelea majini, na mgebuka (Lates stappersii) humla dagaa. Ndiyo maana wavuvi huwapata wote wawili katika wavu mmoja.

Mgebuka ni jamaa wa sangara wa Ziwa Viktoria, ila ni mwembamba, mrefu na wa rangi ya fedha. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, huitwa mukeke na ni fahari ya migahawa ya Bujumbura. Huchomwa mzima juu ya mkaa, hukaangwa, au hukaushwa kwa moshi na kusafirishwa mbali. Sangala ni jina la jamaa zake wakubwa zaidi katika ziwa hilohilo. Nyama yao hukatwa vipande na kufaa kwa mchuzi.

Kuhe (Boulengerochromis microlepis) ni wa ukoo wa sato na perege, na katika ukoo huo hakuna samaki mkubwa kumzidi. Nyama yake ni nyeupe na nene. Hapatikani kila siku, kwa hiyo mtu anayemtaka kuhe hana budi kumwagiza, tena akubali kuambiwa "leo hakuna". Jibu hilo ni dalili njema. Mgahawa ambao una kila aina ya samaki kila siku ya mwaka unategemea friji kuliko ziwa.

Dagaa wa Kigoma wanajulikana nchi nzima. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na imewabeba dagaa kwenda Tabora, Dodoma na Dar es Salaam kwa vizazi kadhaa. Kwa mlaji aliyeko Kigoma kwenyewe swali la kwanza ni mahali walipoanikwa. Dagaa walioanikwa chini huokota mchanga, na mchanga huo hauishi kwa kuoshwa mara moja. Walioanikwa kwenye kichanja ni safi na bei yao ni kubwa zaidi. Dagaa wabichi, ambao hawakuanikwa kabisa, hawasafiri. Hao ni wa kuliwa hapohapo mwambaoni, na pengine ndio chakula pekee cha Kigoma ambacho mkaazi wa Dar es Salaam hawezi kukipata kwa fedha yoyote.

Mwezi na saa

Uvuvi wa dagaa na migebuka hufanyika usiku kwa taa. Zamani zilitumika karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa nyingi ni za betri na za mwanga wa jua. Mwanga huvuta viumbe wadogo, dagaa huwafuata, na migebuka huwafuata dagaa. Mbinu hii inahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, samaki hutawanyika, na mitumbwi mingi hukaa ufukoni siku kadhaa ikitengenezwa pamoja na nyavu zake. Bei hupanda, na samaki wanaoonekana sokoni huwa wachache au wa jana.

Kwa hiyo anayepanga kufika Kigoma kwa ajili ya kula aangalie kalenda ya mwezi kabla ya kuangalia ratiba ya ndege au treni. Siku za mwezi mwandamo, wakati usiku ni giza totoro, ndizo bora.

Mitumbwi hurudi alfajiri katika mialo kama Kibirizi, kaskazini ya mji, na Katonga, upande wa kusini. Mnunuzi wa jumla, mkaushaji na mama mwenye mgahawa hukutana hapo kabla jua halijakolea. Hivyo mlo wa heshima Kigoma ni wa mchana. Samaki wa saa mbili usiku huyo ni yule wa asubuhi aliyekaa mchana kutwa kwenye joto au kwenye barafu, au ni aliyekaangwa mchana na sasa anarudishwa kwenye mafuta mara ya pili. Samaki aliyekaangwa mara mbili hujulikana: ngozi yake ni ngumu na nyeusi kingoni, na nyama imejitenga na mfupa bila kuguswa.

Samaki ambaye hajapikwa hukaguliwa kwa macho na kidole. Macho yawe angavu na yaliyojaa, matamvua yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Harufu iwe ya ziwa. Mpishi anayejiamini hamkatazi mteja kuona samaki wake, wengi humleta wenyewe kwenye sinia na kuuliza, "Huyu vipi?" Udogo wa samaki nao hutazamwa. Mgebuka mchanga, mfupi kuliko kiganja, kwa kawaida ametoka kwenye kokoro, wavu wa kukokotwa ufukoni ambao umepigwa marufuku kwa sababu hukomba hata wasiozaa bado.

Kuagiza

Katika hoteli kubwa za mjini oda hutolewa mapokezi au kwa simu, na siku moja kabla inatosha. Kwa migahawa midogo na akina mama wanaopika karibu na mialo, njia ni kufahamiana. Anayefika mara ya kwanza huenda na mwenyeji, au hupitia jioni kusalimia, kula kidogo, na kusema anachotaka kesho: samaki gani, watu wangapi, wa kuchoma au wa mchuzi, saa ngapi. Bei hukubaliwa kwa ukubwa wa samaki, si kwa sahani, na kwa kuwa samaki hajavuliwa bado, hukubaliwa kwa makadirio.

Utaratibu huu si mgeni kwa Wajapani. Katika mji wa Kyoto zipo nyumba za chakula ambazo kwa desturi hazimpokei mgeni asiyeletwa na mteja wa zamani. Mgahawa wa sushi wa Sukiyabashi Jiro jijini Tokyo, wenye viti kumi tu mbele ya mpishi, uliondolewa katika kitabu cha Michelin mwaka 2019, ingawa ulikuwa na nyota tatu. Sababu haikuwa chakula, bali kwamba umma wa kawaida haukuweza kuweka nafasi. Wageni wengi hupitia hoteli wanazolala. Sababu yenyewe ni ileile ya mwambao wa Tanganyika: mpishi hununua samaki wa watu anaowajua watakuja.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mama lishe aliyeagizwa kuhe hutoa fedha yake mfukoni alfajiri. Mgeni asipotokea, hana barafu ya kumtunza samaki huyo wala mteja mwingine wa bei ile, na mtaji wa siku mbili umekwenda. Migahawa ya Tokyo hujilinda kwa kumtoza mteja anayeghairi. Kigoma kinga ni malipo ya awali, na kwa simu hayachukui dakika moja. Inafaa mteja ayatoe mwenyewe bila kusubiri kuombwa, walau nusu ya bei, na akichelewa apige simu. Mpishi akikosa samaki aliyeagizwa, desturi ni kupika aliye bora kati ya waliopatikana, au kurudisha fedha.

"Mbichi" ni nini

Neno "mbichi" huleta utata mezani. Kwa Mswahili, samaki mbichi ni yule ambaye hakukaushwa. Ukimwagiza utaletewa amekaangwa au kuchomwa. Kwa mgeni aliyezoea sashimi, samaki mbichi ni yule ambaye hakuguswa na moto. Watalii wachache wamekuwa wakiomba mlo wa namna hiyo ziwani, wakiona samaki anavyong'aa.

Ombi hilo ni la hatari. Samaki wa maji baridi wanaweza kubeba viluwiluwi vya tegu na minyoo mingine ambayo hukua ndani ya mwili wa binadamu. Sashimi ya Japani karibu yote ni ya samaki wa baharini, nao pia wana minyoo yao, ndiyo sababu wengi hugandishwa kwanza. Kipimo kinachotumika Marekani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba mfululizo. Friji ya kawaida, katika mji ambao umeme hukatika, haiwezi kuaminiwa kwa kazi hiyo. Ndimu haiui minyoo. Siki, pilipili na wasabi haziui pia. Ubichi wa samaki kwa maana ya Kiswahili, yaani kuvuliwa asubuhi hiyo, hauondoi hatari hata kidogo, kwa sababu minyoo huwa ndani ya samaki tangu yuko hai.

Mahale na Wajapani

Japani ina historia ndefu katika mwambao huu. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianzisha utafiti wa sokwe katika milima ya Mahale, kusini ya Kigoma, na watafiti wa Kijapani wameuendeleza tangu hapo. Eneo hilo likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985.

Leo kambi za kifahari zilizo ufukoni mwa Mahale ndizo zenye meza za bei kubwa kuliko zote ziwani. Hazina mlango wa kupita na kuulizia chakula. Hakuna barabara inayofika. Mgeni huja kwa ndege ndogo na boti, na chakula huwa kimo ndani ya bei ya malazi. Nafasi ni chache na huwekwa miezi mingi kabla. Miezi ya masika hukwepwa. Mahitaji ya chakula, mzio au mwiko wa dini hutajwa siku ya kuweka nafasi, kwa kuwa vitu visivyotoka ziwani husafirishwa kutoka mbali.

Miezi ya ziwa kufungwa

Samaki wa Ziwa Tanganyika wanapungua. Wavuvi wameongezeka katika nchi zote nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tena, tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 katika majarida ya Nature na Science zilionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto na hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Rutuba iliyo chini hubaki chini, na chakula cha dagaa hupungua.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi hizo, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo ni ya kiangazi, ambayo pia ni miezi ya watalii. Mgeni anayekusudia kusafiri wakati huo aulize kwanza kama ziwa litafungwa mwaka huo. Likifungwa, migahawa hupika kuku, nyama na samaki wa mabwawa au wa kutoka maziwa mengine, na mwenye mgahawa mwaminifu husema hivyo bila kuulizwa. Anayetoa mgebuka na kudai kwamba amevuliwa jana, basi ama amemtoa kwenye friji ama amemnunua kwa mvunja sheria; kwa vyovyote hafai kuagizwa.

Kinachobaki ni dagaa wa kichanja waliokaushwa kabla ya ziwa kufungwa. Huchambuliwa vichwa, huoshwa kwa maji ya moto, hukaangwa kwa mawese pamoja na kitunguu, nyanya na pilipili, na kuliwa na ugali wa muhogo. Hawa hawahitaji kuagizwa jana. Saa moja kabla inatosha.